Mwalimu wa fizikia asiulizwe dini yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika juma lililopita kwamba mtu asiyemwamini Mungu hana haki ya kuitumia akili. Barua yake nimeisoma kwa kalamu mkononi. Anasema kanuni za mantiki na mpangilio wa maumbile havina mdhamini mwingine isipokuwa Mungu, hivyo mkana Mungu anaposema maji yatachemka kesho kama yalivyochemka leo, anatumia mali ya waumini bila ruhusa yao. Mpaka hapo ningenyamaza. Lakini akamalizia kwa kupendekeza kwamba shule ziwaulize walimu wa sayansi imani yao kabla ya kuwapa vipindi. Mimi nimefundisha fizikia sekondari tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na leo ni mzee wa kanisa katika Kanisa la Moravian hapa Rujewa. Mungu namwamini. Hoja hiyo siikubali, na nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, kama utanivumilia.

Hoja yenyewe haikuzaliwa kwetu. Aliyeijenga ni Cornelius Van Til, mwanateolojia aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1895, akakulia Marekani na kufundisha kwa miongo kadhaa katika Westminster Theological Seminary, Philadelphia. Mwaka 1985 mfuasi wake, Greg Bahnsen, aliipeleka kwenye mdahalo dhidi ya Gordon Stein, mkana Mungu, katika Chuo Kikuu cha California kule Irvine. Stein alikuja amejiandaa kwa hoja za siku zote, nani aliumba na nani alianzisha. Bahnsen akamuuliza jambo jingine kabisa: hizo kanuni za mantiki unazozitumia kunipinga, wewe umezitoa wapi? Stein akababaika. Rekodi ya mdahalo ule bado inazunguka, na vijana wetu huisikiliza kwenye simu kisha wakaja nayo kwenye vikundi vya Biblia wakiwa na hakika kwamba mjadala umekwisha. Nami nakubali Bahnsen alizungumza vizuri kuliko mwenzake. Lakini mtu akibabaika mbele ya kipaza sauti, tunachojua ni kwamba hakujiandaa kwa swali hilo. Zaidi ya hapo hatujajua kitu.

Van Til alipenda kusimulia kisa cha mtoto wa kike aliyemwona ndani ya treni, amepakatwa na baba yake, halafu akamzaba baba huyo kofi la uso. Asingepakatwa, mkono wake usingefika. Ndivyo, alisema, mkana Mungu anavyompiga Mungu huku amebebwa naye. Kwa mahubiri, kisa kinafaa sana. Kwa hoja, kinatutaka tukubali mapema kwamba aliyempakata mtoto ni baba yake, na hilo ndilo jambo lenyewe linalobishaniwa.

Tena msomaji wetu anazungumza kwa niaba ya "waumini wote, Wakristo na Waislamu". Van Til asingempa ruhusa hiyo. Kwake yeye hatoshi mungu yeyote tu. Ni Mungu wa Utatu peke yake, yule wa Biblia, anayeifanya akili iwezekane. Kwa maana hiyo jirani yangu Alhaji, anayeswali swala tano na kupima majaruba ya mpunga kwa kamba na hesabu safi kuliko zangu, naye anatumia akili ya kuazima. Nilimsomea barua ile barazani kwake. Akacheka sana. Akaniambia kwamba kwa njia hiyohiyo yeye anaweza kusema mimi ndiye mwazimaji, maana msingi wa akili ni Tauhidi, yaani umoja wa Mungu, na Utatu wangu ni wa kutiliwa shaka. Hapo mzozo unaishia wapi? Kila mmoja anadai msingi ni wake na mwenzake amepanga tu. Watetezi wa hoja hii wakibanwa sana husema kila hoja inayogusa msingi wa mwisho lazima ijizunguke, hata ya kwao. Haya, na tukubali. Lakini ukishasema hivyo umewapa ruhusa ileile watu wote, pamoja na mkana Mungu anayesema yeye anaanza na akili yenyewe na haoni haja ya kurudi nyuma ya hapo.

Nije sasa kwenye maumbile, ambako ndiko nilikokula mshahara.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa hapa Rujewa. Wasomaji wengi watakumbuka jinsi wilaya yetu ya mpunga na ng'ombe ilivyojaa wageni. Karibu na saa sita mchana mwezi uliingia katikati ya jua, ikabaki pete ya moto kwa muda wa karibu dakika tatu. Miwani maalumu haikututosha, wanafunzi wakapokezana. Waliokosa walitazama mwanga uliopita kwenye tundu la sindano katika kadibodi. Mimi kilichonishika zaidi kilikuwa chini. Chini ya mwembe, kila upenyo katikati ya majani ulikuwa umechora kipete chake juu ya vumbi, mamia ya vipete, na watoto wadogo walikuwa wanavikanyaga.

Saa na dakika za tukio lile zilijulikana miaka mingi kabla. Kupatwa kule kuna ndugu zake: kulitokea tarehe 10 Agosti 1980, tena 22 Agosti 1998, na kutatokea 12 Septemba 2034. Kati ya kimoja na kingine ni miaka 18, siku 10 au 11 kwa kutegemea miaka mirefu (ya siku 366) iliyoangukia katikati, na saa zipatazo 8. Katika saa hizo 8 dunia huwa imezunguka theluthi moja zaidi, ndiyo maana kivuli hakirudi palepale. Cha 2034 kitapita Amerika Kusini. Mzunguko huu uligunduliwa na Wababeli zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Walikuwa wakiandika kila kupatwa kwenye vigae vya udongo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mpangilio ukaonekana. Na watu hao walimwabudu Sin, mungu wa mwezi, pamoja na Marduk na wengine wengi. Waliamini kupatwa ni ishara ya kifo cha mfalme, hata wakawa wanaweka mfalme wa bandia kwenye kiti mpaka hatari ipite. Miungu yao haikuwako, kwa imani yangu na ya msomaji wetu. Hesabu yao tunaitumia hadi leo. Kama mpangilio wa maumbile hauwezi kutegemewa ila na mtu aliyesimama juu ya Mungu wa kweli, hawa walisimama juu ya nini?

Najua atakavyojibu. Atasema Wababeli waliutumia mpangilio ule, ila hawakuweza kuuhalalisha. Basi tuone sisi wenye Biblia tunauhalalishaje.

Mskoti David Hume alichapisha swali hili mwaka 1739, akiwa kijana bado: umejuaje kwamba kesho itafanana na jana? Ukijibu kwamba siku zote imekuwa hivyo, umeitumia jana kuithibitisha kesho, na hicho ndicho ulichoulizwa. Ni swali gumu kwelikweli. Nimewahi kulitoa kwa kidato cha sita na kipindi kizima kikaishia hapo. Msomaji wetu anasema muumini analo jibu, kwa kuwa Mungu ameahidi, na anataja Mwanzo 8:22, pale Nuhu anapoahidiwa kwamba kupanda na kuvuna, kaskazi na kusi, mchana na usiku havitakoma. Aya hiyo naipenda, tumeisoma katika ibada nyingi za shukrani ya mavuno. Lakini nikiulizwa nitajuaje kwamba ahadi itatimizwa kesho, nitasema nini? Nikisema Mungu hajawahi kuvunja ahadi, nimerudi kwenye jana. Nikisema hawezi kubadilika, nimelijua hilo kwa kusoma kitabu, kwa macho na kumbukumbu zilezile ambazo tulisema haziaminiki mpaka kwanza zidhaminiwe. Nikisema Mungu hasemi uongo, tayari nimeshatumia kanuni kwamba neno haliwezi kuwa kweli na uongo kwa pamoja. Kila mlango ninaougonga naikuta akili imeshatangulia ndani.

Kuna na lingine, ambalo waumini wenzangu hatupendi kulisema kwa sauti. Biblia hiyohiyo inasimulia jua likisimama kwa ajili ya Yoshua, na katika 2 Wafalme 6 kichwa cha shoka kinaelea juu ya maji ya Yordani kwa neno la Elisha. Mimi nayaamini hayo. Lakini mtu anayeamini kwamba chuma kiliwahi kuelea hawezi kumgeukia asiyeamini na kumwambia kwamba yeye peke yake ndiye mwenye uhakika kwamba chuma huzama. Ukipima kwa uhakika mtupu wa mpangilio usiokatika, mkana Mungu ametuzidi.

Aliyeliona tatizo hili kwa undani kuliko sisi sote ni Muislamu, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Alhaji ndiye aliyenitambulisha kwake miaka mingi iliyopita na namshukuru. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, al-Ghazali alisema pamba ikigusana na moto na kuungua, hatuoni moto ukiiunguza. Tunachoona ni kwamba mguso ulikuwepo na kuungua kukafuata. Mwenye kuunguza ni Mungu, na angetaka, pamba ingegusana na moto isiungue, kama Ibrahimu alivyotoka salama katika moto. Hii ni imani ya juu kabisa katika uwezo wa Mungu. Lakini al-Ghazali alikuwa mkweli, akaweka yeye mwenyewe pingamizi mezani: basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani hawezi kujua kama saa hii hakijageuka farasi aliyechafua maktaba kwa mkojo na kinyesi. Jibu lake ni kwamba Mungu anaendesha mambo kwa desturi, na ametuumbia ndani yetu ujuzi kwamba mambo ya namna hiyo, ingawa yanawezekana, hayafanyiki. Jibu zuri. Ila angalieni limemfikisha wapi: desturi hiyo tunaijua kwa kuiona ikijirudia. Ni palepale alipo mkulima wa bonde letu la Usangu, na ni palepale alipo mkana Mungu.

Karne moja hivi baadaye Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi, mtu wa sheria na sala, akamjibu kwamba anayekana sababu za vitu anaikana akili yenyewe. Wawili hawa walikuwa na Mungu mmoja, Kitabu kimoja, kibla kimoja. Juu ya moto na pamba hawakupatana. Kama imani kwa Mungu ingekuwa inaleta yenyewe jibu la mpangilio wa maumbile, wasingefika kupingana kwa vitabu vizima.

Na nisimwache al-Ghazali kabla ya kutaja jambo moja linalohusu Rujewa. Mwanzoni mwa kitabu hichohicho anazungumzia kupatwa kwa jua na kwa mwezi. Anasema wanafalaka, wataalamu wa nyota, wameonyesha sababu zake kwa hesabu isiyoacha shaka, na mtu anayedhani kuipinga ni kuitetea dini anaidhuru dini. Kabla yake kulikuwa na Hadithi mashuhuri ya siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, jua likapatwa, watu wakasema limemlilia mtoto. Mtume akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Baba aliyefiwa, na umati umempa faraja kubwa namna ile, akaikataa. Siku ile ya 2016 kuna waliosema pete ni ishara ya uchaguzi, wengine wakasema ni ya njaa. Nilitamani nao wangeisikia.

Turudi maabara. Kwa miaka yangu yote nimefanyisha wanafunzi jaribio lilelile: kipira cha chuma kimening'inizwa kwa uzi, unakivuta kidogo pembeni, unakiachia, unahesabu mizunguko 20 kwa stopwochi. Unafupisha uzi, unarudia. Mwisho unachora grafu na kutoka nayo mchapuko wa mvutano wa dunia, mita 9.8 hivi kwa sekunde kila sekunde. Katika madawati yale walikaa Wamoravian, Wakatoliki, Wasabato, Waislamu, watoto wa Kisukuma ambao nyumbani walitambika kwa mizimu ya babu zao, na kila baada ya muda kijana mmoja aliyekuwa ameamua kwamba haya yote hayaamini. Waliopata 9.8 ni wale waliovuta kipira kidogo na kuhesabu kwa makini. Waliopata karibu 11 walianza kuhesabu "moja" pale ambapo ilitakiwa kuhesabu "sifuri". Sikuwahi kuona kosa lililofuata dhehebu.

Msomaji wetu anamleta pia Darwin, mwenye nadharia ya mageuzi ya viumbe, kwamba hata yeye alishikwa na shaka kama akili iliyotokana na wanyama inaaminika. Ni kweli, katika barua ya Julai 1881 kwa William Graham. Ila mstari wa kabla yake haukunukuliwa. Darwin alikuwa amesema moyoni anahisi ulimwengu haukutokea kwa bahati tu. Shaka yake ilihusu hisia hiyo kubwa juu ya chanzo cha vitu vyote. Hakusema hawezi kuziamini hesabu za mbegu na mifupa aliyoipima maisha yake yote. Kuna tofauti kati ya akili inayokisia asili ya ulimwengu na akili inayojua mto umejaa usivuke. Hii ya pili, ikikosea, mwenyewe hufa kabla ya kuzaa.

Kwa wanaodhani kuikataa hoja hii ni kuisaliti imani, nawakumbusha Elizabeth Anscombe. Mwaka 1947 C. S. Lewis, mtetezi maarufu wa Ukristo, alichapisha kitabu kuhusu miujiza chenye hoja ya jamii hiihii: kwamba asiyeamini chochote zaidi ya maumbile hawezi kuitegemea akili yake. Februari 1948, katika klabu ya mijadala pale Oxford, aliyesimama kuonyesha nyufa za hoja hiyo alikuwa Anscombe, mwanafalsafa kijana, Mkatoliki wa dhati. Alisema Lewis amechanganya mambo mawili: kilicholeta wazo kichwani mwa mtu, na sababu zinazolifanya wazo hilo liwe sahihi. Lewis alilichukulia kwa uzito, na toleo la 1960 lilitoka sura ile ikiwa imeandikwa upya. Anscombe aliendelea kwenda misa mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuona kwamba Mungu anahitaji kutetewa kwa hoja iliyopasuka.

Nitaulizwa, basi wewe mzee Mungu wako yuko wapi katika haya? Siku ya pete nilishukuru, tena kwa machozi. Kando yangu alikuwa kijana wa kidato cha nne ambaye hasali popote, na alikuwa anaandika kwenye daftari dakika na sekunde za kila hatua. Mimi nilikuwa na wa kumshukuru, yeye hakuwa naye. Tulipolinganisha maandishi baadaye, ya kwake yalikuwa sahihi kuliko yangu, maana mimi muda ule nilikuwa natazama juu. Kwa nini pana mpangilio badala ya vurugu tupu ni swali ninalolibeba kanisani na ninalo jibu langu. Lakini kijana yule hakuhitaji jibu langu ili aisome saa yake, na sina haki ya kumdai ada.

Nimalizie na lile pendekezo. Mwanzoni mwa shule za kanisa letu yupo Jan Amos Komenský, anayejulikana zaidi kama Comenius, askofu wa Ndugu wa Bohemia na Moravia katika karne ya 17, waliokuwa chimbuko la kanisa hili lililofika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1658 alitoa kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, akisisitiza kwamba akilini hakuna kitu ambacho hakikupitia kwanza kwenye milango ya fahamu. Askofu yule alianza na macho na masikio ya mtoto. Kwa hiyo, wakuu wa shule mnaosoma ukurasa huu, akija mtu kuomba kazi ya kufundisha fizikia, muulizeni kama anaweza kuwaendesha watoto 40 katika maabara yenye stopwochi nne. Muulizeni atafanya nini mwanafunzi akileta grafu yenye nukta moja iliyokataa kukaa kwenye mstari, kama atamwambia aifute au atamwambia arudie kupima. Muulizeni kama anajua kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote juu ya Luxor na Makka, na kama ataweza kuwaeleza watoto imejulikanaje. Akijibu vizuri, mpeni chaki, na Jumapili au Ijumaa yake mwachieni mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Rujewa, Mbarali, Mbeya